Namna ya Kumpokea Mtia Nia Bondeni Wakati Operesheni Bado Inauma

Watia nia hufika Ifakara, katika Bonde la Kilombero, baada ya mavuno, mpunga ukiwa ghalani na vumbi la Kibaoni likiwa juu. Hufika na gari refu, kofia ya kijani na kijana wa kupiga picha. Hushuka, humkumbatia bibi ambaye hawajapata kumwona, husema wamerudi nyumbani, huuliza gunia la supa mwaka huu linakwendaje, kisha hutikisa kichwa kwa huzuni waliyoifanyia mazoezi njiani tangu Mikumi. Mwongozo huu ni wa wewe unayewapokea: mwanachama wa CCM mwenye kadi, mjumbe, balozi wa shina, mkulima wa Namwawala, mfugaji wa Malinyi. Unahusu jambo moja tu, nalo ni namna ya kumfanya mgombea ajibu kuhusu operesheni kabla jina lake halijapitishwa. Likishapitishwa, atakujibu kwa kipaza sauti, na kipaza sauti hakina masikio.

Kwanza jikumbushe tunazungumzia nini. Operesheni za bondeni ni vita kwa kila kitu isipokuwa kwenye karatasi za serikali. Vina amri kutoka juu, vina kambi, vina bunduki, vina mateka, na mateka wengi wana pembe na mkia. Mwaka 2006 na 2007 vilipiga Usangu, huko Mbarali, wafugaji wakaondolewa na makundi yao ili maji ya Ruaha Mkuu yarudi kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Wengi wa walioondolewa walishuka mpaka huku kwetu. Mwishoni mwa 2012 vikawafuata huku, katika operesheni ya kuondoa mifugo Bonde la Kilombero. Oktoba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza, ya nchi nzima, iliyotangazwa kuwa vita dhidi ya majangili wa tembo na ikaishia kwenye miili ya wanavijiji. Februari 2023 Pori Tengefu la Kilombero, lililokuwa kwenye ramani tangu 1952, likapandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba. Safari hii aliyejikuta upande usiofaa wa kigingi hakuwa mwenye ng'ombe peke yake. Alikuwamo na mwenye jaruba la mpunga.

Mtia nia atajaribu kukuweka kwenye kundi la maadui wa hifadhi. Usikae hapo. Mwambie mapema, kabla hajafungua mdomo, kwamba bonde hili ni ardhi oevu iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 2002, kwamba sheshe wengi waliobaki duniani wamekuwa wakiishi kwenye mbuga zetu za mafuriko, na kwamba zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, hutoka Kilombero. Mto ukikauka, wa kwanza kulia ni mvuvi wa Kivukoni, si waziri. Unachokipinga wewe ni kulindwa kwa mto kwa njia ya kumpiga aliye kando yake. Hilo likishasemwa wazi, mheshimiwa amepoteza nusu ya hotuba yake.

Sasa chukua kalenda, ile ya ukutani uliyopewa na duka la pembejeo. Orodhesha miaka pembeni. Zungushia duara 2005, 2010, 2015, 2020 na 2025. Kisha piga msalaba 2006, 2012, 2013 na 2023. Utaona kwamba operesheni kubwa zilizotugusa hazikuwahi kukanyaga duara hata moja. Hazikuwa na aibu ya mvua wala ya mavuno. Zilikuwa na aibu ya sanduku la kura. Uchaguzi ukikaribia, mambo hulegea. Januari 2019, mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, Rais Magufuli alizuia kuondolewa kwa vijiji vilivyomo kwenye maeneo ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wanane ikaanza kuzunguka kuangalia vijiji 975. Agosti 2024, wananchi wa Ngorongoro walipofunga barabara kwa sababu kata na vijiji vyao vilifutwa na vituo vyao vya kupigia kura vilihamishwa, uchaguzi wa mitaa ukiwa mlangoni, uamuzi huo haukuchukua muda kurudishwa nyuma.

Kwa hiyo mtia nia anapowasili, operesheni huwa imelala. Hii ndiyo bahati yake. Atasema, "Hayo yamepita, tuangalie mbele." Mwonyeshe kalenda. Mwambie misalaba huja mwaka mmoja, miwili au mitatu baada ya duara, na kwamba unamwuliza leo kwa sababu ukisubiri mpaka siku magari ya askari yatakapopanda barabara ya Mofu, yeye atakuwa Dodoma na simu yake itapokelewa na katibu.

Jifunze kidogo kutoka kwa wenzetu wa mbali walioweza kuwauliza wakubwa wao kuhusu vita kwa wakati. Machi 12, 1968, katika jimbo dogo la New Hampshire, wanachama wa chama cha Democratic cha Marekani walipiga kura ya mchujo. Rais Lyndon Johnson alikuwa madarakani, mwenye fedha, mwenye chama, mwenye kila kitu. Aliyesimama dhidi yake ni Seneta Eugene McCarthy, aliyekuwa na hoja moja: vita vya Vietnam vikome. McCarthy alishindwa, lakini alipata asilimia 42 dhidi ya 49 za Rais aliye Ikulu. Machi 31, siku 19 baadaye, Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena.

Halafu angalia 2008, maana hapo ndipo penye silaha unayoihitaji. Barack Obama, ambaye baba yake ni wa Siaya, hakumshinda Hillary Clinton kwa sababu ya kuchukia vita vya Iraq kuliko wengine. Kufikia wakati huo kila mtu alikuwa anavichukia. Alikuwa na tarehe. Oktoba 2, 2002, alisimama Chicago na kuvipinga hadharani, vita havijaanza. Siku chache baadaye Clinton alipiga kura kwenye Seneti ya kumruhusu Rais Bush kuvianzisha. Miaka mitano ikapita, na Januari 3, 2008 huko Iowa, wapiga kura wa mchujo walimweka Obama wa kwanza na Clinton wa tatu. Majuto hayana tarehe, ndiyo maana wanasiasa huyatoa bure. Kitendo kina tarehe.

Basi swali lako liwe na tarehe. Usimwulize mtia nia anajisikiaje kuhusu wafugaji. Atajisikia vizuri sana. Usimwulize kama anawapenda wakulima. Atakuambia mama yake alilima. Mwulize hivi, kwa heshima zote na kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mheshimiwa, mwanetu, Oktoba 2013 ulikuwa wapi, ulikuwa nani, na ulisema nini?" Kisha nyamaza. Kunyamaza huku ni kazi ngumu kuliko swali lenyewe, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji atataka kumwokoa mgeni. Mshike mwenyekiti mkono.

Kama alikuwa mbunge, jibu lake limeandikwa. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge zipo, na kijana yeyote mwenye simu na bando anaweza kuzipata kwenye tovuti ya Bunge. Mtume kijana wa Viwanja Sitini siku mbili kabla, asome aliyosema mheshimiwa na aliyoyanyamazia, akuandikie kwenye daftari. Kama alikuwa mkuu wa wilaya, mkurugenzi au ofisa wa jeshi mahali fulani, swali ni lilelile: amri ilipopita mezani kwako, uliisaini? Kama alikuwa mfanyabiashara Dar es Salaam, asituambie alilia. Atuambie alifanya nini.

Utasikia majibu ya aina kadhaa na unapaswa kuyatambua kama unavyotambua pumba kwenye mchele. Kuna "serikali yetu ni sikivu". Kuna "jambo hili linafanyiwa kazi". Kuna "mchakato unaendelea", ambao huwa unaendelea mpaka mchaguliwa astaafu. Kuna "nitalifikisha sehemu husika", na mwenye jibu hilo usimwache aondoke bila kuitaja sehemu husika kwa jina, ofisi na siku atakayokwenda. Kuna wale wanaoita kamati. Kamati si jibu baya. Kamati ya Bunge ndiyo iliyotufungulia macho kuhusu Tokomeza. Ila mwulize nani ataiongoza na ripoti itasomwa wapi.

Na hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu habari ya Tokomeza ndiyo darasa kubwa tulilonalo la namna vita vinavyochukiwa vinavyoingia katika mbio za uongozi, na namna vinavyotoka.

Operesheni ilianza Oktoba 4, 2013 na kusimamishwa takriban mwezi mmoja baadaye, wabunge wakiwa wamechachamaa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya mwenyekiti wake James Lembeli, mbunge wa CCM wa Kahama, ilizunguka na kurudi na ripoti. Desemba 20, 2013 ripoti ilisomwa: watu kuuawa, kuteswa, wanawake kubakwa, mifugo kupigwa risasi, nyumba kuchomwa. Siku hiyohiyo mawaziri wanne wakaondoka. Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii alitangaza kujiuzulu mwenyewe ndani ya Bunge. Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na Mathayo David Mathayo wa Mifugo na Uvuvi, uteuzi wao ulitenguliwa na Rais Kikwete. Hakuna aliyesema kwamba wao ndio waliopiga watu. Waliwajibika kisiasa kwa yaliyofanywa na walio chini yao, na kwa siku ile moja nchi iliona uwajibikaji ukitokea mchana.

Sasa fuata mguu wa kila mmoja. Julai 2015 Lembeli, aliyeisoma ripoti, alihama CCM kwenda Chadema, na Oktoba akashindwa ubunge. Kagasheki alipoteza jimbo la Bukoba Mjini mwaka huohuo. Mathayo alirudi bungeni kutoka Same Magharibi. Nchimbi hakugombea ubunge 2015. Alikwenda kuwa balozi Brazil, baadaye Misri, Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM, Januari 2025 akatangazwa Dodoma kuwa mgombea mwenza, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Katika safari yote hiyo ya miaka kumi na ushee, sijui mkutano hata mmoja wa chama bondeni ambako mwanachama alipata nafasi ya kumwuliza ana kwa ana: mheshimiwa, Tokomeza ilikufundisha nini? Nisingependa swali hilo liulizwe kwa kulipiza kisasi. Mtu aliyewahi kupoteza wizara kwa ajili ya operesheni huenda ndiye anayejua vizuri kuliko wote namna amri inavyoharibika ikishuka ngazi, na elimu hiyo tunaihitaji huku chini. Lakini elimu isiyoulizwa hubaki kichwani mwa mwenyewe.

Hoja hiyo inatupeleka kwenye mlango wa urais, ambao ni mwembamba. Mwaka 2015 wanachama 42 wa CCM walichukua fomu. Walikuwamo watu ambao operesheni zilipita karibu kabisa na meza zao. Mizengo Pinda alikuwa Waziri Mkuu wakati wa Tokomeza. Lazaro Nyalandu alikuwa Naibu Waziri wa Maliasili na Utalii, na Januari 2014 akapandishwa kuwa waziri kamili. Edward Lowassa, ambaye wafugaji wengi walimwona kama mtoto wao, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu makundi yalipotolewa Usangu. Maswali yenye tarehe yangeweza kuwapata wote, na mengine yangewapa nafasi nzuri ya kujieleza. Lakini Julai hiyo Dodoma, Kamati Kuu ilichuja majina mpaka matano, Halmashauri Kuu ikachuja mpaka matatu, na Mkutano Mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Siku mbili tatu, milango imefungwa, na operesheni ya Kilombero haikuwa ajenda. Mwaka 2020 na 2025 hata mchujo huo haukuwapo. Jina lilikuwa moja.

Hata hivyo mlango ulikuwa na ufa, na watu wachache waliuona. Kila mwenye fomu ya urais 2015 alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15, ikiwamo ya Zanzibar. Hesabu hiyo ni kama watu 30 kwa mkoa. Ndiyo maana Juni ile vigogo walikuwa wakishuka mikoani kama nzige, wakitabasamu mpaka kwa wauza karanga. Kwa mara moja katika miaka kumi, waziri alihitaji saini ya mtu wa kawaida mwenye kadi. Saini hizo zilitolewa kwa vigelegele, kwa soda na kwa picha ya pamoja. Sisi tunasema zitolewe kwa jibu. Nitalirudia hili chini.

Tuje kwenye mkutano wenyewe. Mtia nia hupenda mikutano miwili. Mchana huwaahidi wakulima kwamba ng'ombe wataondoka wote. Jioni hukaa kwenye kigoda bomani, hunywa maziwa ya ng'ombe walewale, na kuahidi kwamba hawaendi popote. Amefanya hivi kwa miaka mingi na hajawahi kukamatwa, kwa sababu watu wa mchana na watu wa jioni hawasalimiani. Dawa yake ni benchi moja. Mwalike mara moja, mahali pamoja, Mndamba na Mpogoro wakae bega kwa bega na Msukuma, Mbarbaig na Mmaasai, halafu mgeni asimame mbele yao wote achague ahadi moja.

Najua kwa nini ni vigumu. Mwaka 2012 wakulima wengi walishangilia magari yalipowaingilia wafugaji, na hawakushangilia bure: kuna aliyeamka akakuta ekari mbili za mpunga zimelaliwa na kundi, na alipouliza akapigwa fimbo. Machungu hayo ni ya kweli na mtu asiyaite ukabila. Lakini miaka kumi baadaye vigingi vilipoingia majarubani, mshangiliaji alitafuta wa kumsemea akakuta jirani aliyeondolewa hana hamu ya kusema. Wanaopanga operesheni huutegemea ugomvi huo. Benchi moja huwaharibia hesabu.

Waambie wote waje na karatasi. Mfugaji wa bondeni huwa na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Afungue mezani, mbele ya mheshimiwa, atoe kimoja kimoja bila haraka: stakabadhi ya faini iliyotozwa kwa kila kichwa, nakala ya hukumu ya kutaifisha mifugo yenye muhuri uliofifia, tangazo la mnada, na katikati yake, imekingwa isilowe, kadi ya chama iliyolipiwa ada. Mkulima naye alete cheti cha ardhi ya kijiji, ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi waliyoichora wenyewe na wataalamu wa halmashauri, na stakabadhi za ushuru wa mazao aliolipia mpunga wa shamba ambalo leo anaambiwa ni la wanyama. Acha mheshimiwa azisome yeye mwenyewe kwa sauti. Watu waliozoea kusomewa hotuba zao na wasaidizi husoma polepole karatasi za wengine, na polepole hiyo ina faida.

Mweke chini ya mwembe, si chini ya turubai la kukodi, maana turubai ataligharamia yeye kisha atataka shukrani. Wali na perege vitoke baada ya jibu. Kama atazunguka sana, mkutano uendelee mpaka jua litue. Mbu wetu, ambao watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wamewasoma miaka na miaka, watamsaidia kufupisha maneno.

Jihadhari na daraja. Hii ndiyo mbinu inayowashinda wengi. Unamwuliza mtia nia kuhusu operesheni, yeye anakuonyesha Daraja la Magufuli. Daraja ni zuri, lina mita 384, na sisi tuliokuwa tukivuka kwa kivuko, tukikumbuka kilivyozama Januari 2016, tunajua thamani yake kuliko yeye. Lilifunguliwa Mei 2018 na tumeshashukuru. Vivyo hivyo lami ya Kidatu hadi Ifakara. Mjibu hivi: "Mheshimiwa, asante kwa daraja, magari ya operesheni nayo yamelipita. Tunarudi kwenye swali." Akitaja umeme, rudi kwenye swali. Akitaja kituo cha afya, rudi kwenye swali. Akianza kuimba, mwache amalize wimbo, mpigieni makofi, kisha rudi kwenye swali.

Kuhusu bahasha nitasema waziwazi. Upo ushauri wa vijiweni kwamba kula hela, kura mnyime. Siuafiki. Mahakama Kuu ilishaifuta takrima mwaka 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ipo tangu 2010, na bado bahasha inatembea usiku kwa bodaboda. Aliyekununua hadanganyiki kwamba umempenda. Anajua amekulipa, na aliyekulipa hadaiwi. Utakapompigia simu ng'ombe wako wakiwa zizini kambini, atakumbuka bahasha, si wewe. Tena elfu kumi haifiki hata robo ya faini ya ng'ombe mmoja mwenye bahati mbaya. Baada ya kura za maoni za 2020 walioshindwa walitembea nchi nzima wakisema wajumbe si watu wazuri. Wajumbe wa bondeni wawe wabaya kwa sababu ya swali lao, si kwa sababu walikula kwa watu sita.

Jibu likipatikana, liandikwe. Katibu wa mkutano achukue daftari kubwa la jalada gumu, aandike tarehe, jina, swali na jibu kama lilivyotamkwa, mheshimiwa asaini, na wazee wawili, mmoja wa jembe na mmoja wa fimbo, washuhudie. Akikataa kusaini, andikeni kwamba amekataa; hilo nalo ni jibu, na huwa fupi kuliko yote. Nakala moja ibaki ofisi ya kata, nyingine ikae kwa mama anayeaminika na vikoba, kwa sababu makabati ya ofisi hupoteza vitu na masanduku ya vikoba hayapotezi. Mwulize maswali matatu na si zaidi. Ulifanya nini wakati ule. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, inayoruhusu mifugo kutaifishwa, utapeleka marekebisho gani, na lini. Siku magari yatakaporudi, utakuja kusimama wapi, huku au kule.

Sasa nilirudie la wadhamini. Mwaka 2030 Rais Samia atakuwa amefikia kikomo chake cha Katiba, na kwa mara ya kwanza tangu 2015 kiti kitakuwa wazi ndani ya chama. Fomu zitachukuliwa, na kama utaratibu wa wadhamini hautabadilishwa, magari marefu yatateremka tena Morogoro kutafuta majina. Msisubiri Juni ya mwaka huo. Wanachama wa halmashauri za bonde wakae mapema, wa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga, wakubaliane wanachama wangapi watakuwa tayari kudhamini na kwa sharti lipi. Daftari la watia nia wa ubunge liwe limeshajaa, lipelekwe mezani. Vijana wawe wameshasoma taarifa za Bunge za 2013 na za 2023 na kuweka alama penye majina. Mgombea urais akifika, apewe kiti na maji ya kunywa, na kalamu ya kusaini ibaki mfukoni mwa mwenye kadi mpaka swali la kwanza lijibiwe, kwa tarehe.